Bahasha Inayofuata

Kibaigwa, 9 Juni 2023

Mwanangu Restuta,

Hujambo? Sisi wazima, ila vumbi la mahindi sokoni linatukohoza. Barua nampa Nurdini wa lori, maana ukiwa wodini hupokei simu. Tangu nimwache mdogo wako Joshua hapo hospitalini, sina raha. Nasikia utafiti wenu una dawa ya zamani na dawa mpya, kila mgonjwa anapewa moja. Wewe ni nesi wa hapo. Mpe ndugu yako hiyo mpya. Nimekuomba jambo gani tangu nikuzae?

Mama yako

Dodoma, 11 Juni 2023

Shikamoo Mama,

Mimi mzima. Joshua ana homa na kidonda cha mguu bado kinatoa usaha, lakini jana alikula ugali na mlenda. Mama, mdudu aliye kwenye kidonda hiki ameshazoea dawa za kawaida, na kati ya hizi mbili hatujui ipi inamweza. Ndiyo maana tunatafiti. Dawa ya kila mgonjwa imeandikwa ndani ya bahasha zilizofungwa, zinafunguliwa kwa zamu, na mimi sizigusi. Hata ningeweza, ningekuwa namnyang'anya mtoto wa mwenzio. Naumia kukuandikia hivi.

Taulo lake ulilorudi nalo lichemshe, usilitumie.

Mwanao Restuta

Dodoma, 2 Septemba 2023

Shikamoo Mama,

Unaendeleaje? Hii ni barua ya tatu tangu tumzike Joshua. Makaburini nilikwambia alipata ya zamani, ukageuza uso. Wapo waliopata mpya nao hawakupona. Siandiki ili nijitetee. Nataka kujua kama unakula.

Mwanao Restuta

Kibaigwa, 20 Septemba 2023

Mwanangu Restuta,

Salamu zako zote zilifika. Kilichoninyamazisha ni aibu. Siku ile nilipomleta Joshua hospitalini mliniuliza ametumia dawa gani, nikasema hakuna. Niliogopa mngemkataa. Mwezi mzima nilinunua vile vidonge vya rangi mbili dukani, nikavifungua na kumwaga unga wake kidondani. Akipata nafuu naacha, akizidiwa naanza tena. Halafu nikakulaumu wewe.

Sasa nina jipu kwapani na halisikii dawa. Kesho kutwa nakuja na basi la asubuhi. Wakiniuliza, nitasema yote. Wakiniingiza kwenye utafiti, nipewe bahasha inayofuata kama mtu mwingine. Usinichagulie, mwanangu.

Lile taulo sikulichemsha. Lilikuwa na harufu yake, nikawa nalilalia. Nimelichemsha leo.

Mama yako