Goti la Madoa

Jumatatu, 7 Oktoba

Kijijini Kasoli tangu asubuhi. Maksai wanne leo, jumla sasa kumi na wawili. Kunyoa goti, kuosha, dawa ya kuua vijidudu, sindano, mwingine. Huku wananiita bwana mifugo ingawa navaa gauni. Nimezoea.

Chupa za jaribio zina namba tu. Nusu ni dawa ya kulainisha kiungo, nusu ni maji ya chumvi. Orodha anayo Daktari, msimamizi wangu, kule mjini Bariadi. Mimi sijui nani kachomwa nini, na sitakiwi kujua.

Aliyepata chupa namba saba ni Madoa, wa Mama Kabula. Goti la mbele kushoto, ugonjwa ndio kwanza unaanza. Mama ni mjane, ana maksai wawili tu, Madoa na Msafiri, na pamba yote inawategemea hao. Mwenye bucha wa Dutwa anamtaka Madoa kabla hajakonda. Nilimsihi mama asubiri nione kama sindano itafanya kazi. Kakubali mpaka Jumamosi ya tarehe 26. Asipopona, anachinjwa. Mimi na mdomo wangu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Hakuna kazi. Maksai wanapumzika, hata mkokoteni hawavuti. Nawaza maji ya chumvi. Kama Madoa kapata hayo, nimemcheleweshea mama biashara bure.

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku mbaya. Tumewatembeza mmoja mmoja kwa kamba kwenye uwanja mgumu karibu na shule, mimi nikihesabu hatua. Karibu wote wanakwenda hovyo. Madoa ndiye kazidi: hatua fupi, mwili umelala upande, shingo imepinda. Nimempa alama mbaya kuliko ile ya kabla ya sindano. Kalamu nikaitupa, kisha nikaenda kuiokota mbele ya watu.

Mama Kabula alitazama mpaka mwisho. Akamchukua ng'ombe wake, akaondoka.

Nina hasira na dawa, na goti, na mimi mwenyewe.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimekwenda kwa Mama Kabula kumwambia auze tu, asisubiri Jumamosi. Maneno niliyapanga njia nzima.

Sikuyasema. Nilimkuta anawarudisha maksai kutoka kunywa maji lamboni, Madoa kushoto, Msafiri kulia, bega kwa bega. Madoa anatembea. Hatua ndefu, shingo imenyooka. Nilibaki nimesimama, salamu yenyewe nimeisahau.

Nikamuuliza ni ng'ombe yule yule? Akacheka.

"Mwanangu, huyu tangu afungwe nira hajatembea peke yake. Ukimvuta mwenyewe, anamtafuta mwenzake upande wa kulia. Hata mzima atapinda."

Mbona hukuniambia juzi?

"Wewe ndiye msomi. Nikajua vitabu vyenu vinataka hivyo."

Nimekulia hapa hapa Simiyu. Baba yangu alilima kwa maksai. Na bado niliwatenganisha wote kumi na wawili, kabla ya sindano na baada, nikaandika upweke wao kuwa ni maumivu. Aibu imenikaa kifuani kama ugali mbichi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimempigia Daktari. Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Nikasema yote.

Akaniambia niandike kosa kama lilivyo, nirudie vipimo, wawili wawili. Vya kabla ya sindano ndivyo vimekufa, haviwezi kurudiwa. Tutalinganisha tu waliopata dawa na waliopata maji. Ushahidi utapungua nguvu, lakini utakuwa wa kweli. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mwenye bucha kafika mapema na kamba yake mkononi. Nilimchukia bila sababu, maskini, naye anatafuta riziki.

Tumewatembeza na wenzao. Kwenda, kurudi, kisha kuzunguka, maana kwenye kona ndipo goti baya linapojisema. Madoa alichechemea mara moja tu, kwenye kona ya kwanza. Nilihesabu mara mbili, nikamwomba mwenye bucha naye ahesabu. Mara moja. Akasema huyu leo kavaa viatu vipya. Watu wakacheka.

Mama Kabula hakucheka. Akamgeukia:

"Rudi Dutwa, baba. Huyu ana kazi."

Nililia. Nikasingizia vumbi.

Wengine, watano wanatembea vizuri, wawili wanaridhisha, wanne bado. Sijui nani kapata nini. Natamani mno iwe dawa. Kutamani si kipimo.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua juzi na jana. Ardhi imelainika. Kibali cha kufunga nira nilikitoa wiki iliyopita, hivyo leo nilikwenda kumwangalia Madoa kazini, fomu mkononi.

Mama Kabula alikuwa ameshaanza. Aliponiona akasimama, akanipa mpini wa plau. Sikuwa nimeshika plau tangu baba afariki. Mstari wa kwanza ulikwenda kama njia ya mlevi, wa pili afadhali. Mama alitembea mbele akiwaita kwa Kisukuma, nao wakimfuata taratibu, wote wawili.

Tulipofika mwisho wa mstari wa nne ndipo nikakumbuka kwamba nilikuja kutazama goti.