Kengele ya Tatu

Kwa dada yangu wa tumbo moja,

Pokea salamu nyingi kama nywele za mkia wa farasi. Mimi huku ni mzima wa kubeba gunia la shayiri kwa mkono mmoja, wa pili nikipungia watu. Nimefurahi kusoma kwamba mguu wa shemeji umepona na magongo ameyatupa. Nilijua tu. Shemeji yangu havunjwi na pikipiki. Yeye ndiye huzivunja.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema mwanao amejifungia chumbani wiki ya tano sasa, chakula hagusi, na watoto aliokuwa akiwafundisha kupanda farasi amewaambia watafute mwalimu mwingine, maana asiye na kumbukumbu hana la kumfundisha mtu. Ukaniuliza kama ni ule ugonjwa wa marehemu baba, aliyefika mahali akatuita sisi wanawe wageni na kutuomba tuondoke nyumbani kwake.

Kwanza nikukumbushe huyo mtoto ni nani. Nilimpandisha farasi akiwa na miaka saba, mimi mfagia mabanda niliyeishia darasa la nne. Lakini nilikuwa nimeshapigwa teke nikapaa juu ya ghala nikatua nimesimama, kofia kichwani, na farasi mwenyewe akaniinamia kwa heshima. Waulize. Miaka kumi na minne nimemfundisha kukaa wima kama mshumaa na kusema na mnyama kwa mapaja tu, kidole kisionekane kikisogea. Mchezo wake si wa mbio, dada. Farasi anatembea kwa madaha, anazunguka, anarudi nyuma, kila hatua kwa orodha iliyopangwa, na majaji wanatoa alama. Vikombe alivyoleta, vingine tunawekea misumari. Na mimi, wanayeniita Redio kwa kuwa sizimiki, ndiye niliyesimama pembeni ya uwanja kumsomea orodha kwa sauti, maana inaruhusiwa. Karatasi sikuwahi kuitazama. Niliwaambia kichwa changu ni kabati la chuma.

Siku ya kuchagua timu ya taifa, kengele ya jaji ililia. Maana yake mpandaji amekosea. Akarudia, ikalia tena. Ya tatu ikamtoa. Mwenye farasi akaja juu akitaka kujua kulikoni. Nami nikasema mbele ya watu wote, mwanao akiwa bado kwenye tandiko, kwamba masikini, huenda amerithi kichwa cha babu yake. Wiki iliyofuata farasi yule alipewa mpandaji mwingine.

Dada, mwanao hakusahau kitu. Alitaka kugeuka kulia, nikapaza sauti, "Kushoto!" akaifuata sauti yangu kwa sababu tangu utotoni haijawahi kumpoteza. Nilimsomea orodha ya mwaka jana. Ile mpya tuliifanyia mazoezi wiki sita, na karatasi yake ilikuwa mfukoni mwangu. Wala si uzembe. Nilisimama pale nikiamini kabisa ni mwaka jana, nikishangaa tu mbona farasi wetu mweusi amekuwa mwekundu.

Tangu hapo nimemlisha farasi mmoja mara tatu asubuhi moja, nusura afe kwa tumbo. Nimeulizia njia ya kwenda kwenye banda ninalolifagia mwaka wa ishirini huu, wakadhani ni mzaha wangu, wakacheka, nami nikacheka nao. Ugonjwa wa baba upo. Umenijia mimi. Nami nilipohisi umenikalia mabegani, niliuvua nikamvika mtoto.

Msomee barua hii kwa sauti, polepole, usiruke mstari. Farasi hatarudi, nafasi imepita, na sidhani kama atanitazama tena usoni. Lakini ajue kichwa chake ni kizima. Usichelewe, dada. Siku nitakaposahau kwamba kosa lilikuwa langu, hatakuwa na shahidi.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Na shemeji je? Umeandika mengi lakini mguu wake hukuutaja. Bado yuko kwenye magongo?

Ndimi mdogo wako,
Redio