Kikohozi Nyuma ya Sauti Yako

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na matusi yako pia. Huku tu wazima. Wifi yako amebadilisha mapazia na ameniganda nikusimulie, basi nimesimulia.

Umeuliza ni nani huyo asiye na utu anayekataa sentensi unazosoma na kurekodi kwenye simu ili kompyuta zijifunze Kiswahili, mpaka wiki nzima umefanya kazi ya bure. Kazi yenyewe nilikuingiza mimi, kwa hiyo nijibu mimi. Mkaguzi anayesikiliza rekodi zenu naye ana amri zake. Akisikia sauti nyingine nyuma ya msomaji, lazima abonyeze "haifai", na msomaji halipwi. Akijifanya hajasikia, kampuni inamfungia yeye, na yeye pia ana kodi ya nyumba. Usimlaani sana.

Jifungie chumbani ukirekodi. Ile sufuria usiibandike kwanza, mfuniko wake unagongagonga. Tena punguza mbwembwe, unasoma kama mtangazaji wa mpira!

Na Mama mpeleke hospitali kesho, usingoje. Nauli nimetuma. Najua hukuniandikia kwamba anakohoa, na yeye nikimpigia anasema hajambo. Kile si kikohozi cha mafua. Kinatoka mbali, na wewe unanyamaza kidogo kumsubiri amalize, ndipo unaendelea kusoma. Nimekisikia katika kila sentensi yako, na kila mara nimebonyeza.

Ni mimi, huyo huyo asiye na utu,
Kaka yako