Jogoo Wako Haumwi

Dada Yustina, shikamoo.

Natumaini hapo Ipuli hamjambo. Sisi tuko mto Malagarasi, pale misafara ya zamani ilipokuwa ikivuka kwenda Ujiji. Kiangazi kinaishia, maji yamepungua, na mumeo ananitia wivu mpaka samaki wake hawanishuki kooni. Asubuhi nzima nimekaa na nyungunyungu wangu wanene, sijapata hata kidagaa. Yeye anarusha tu ndoano aliyoifunga manyoya ifanane na mdudu, anaivuta juu ya maji taratibu, na samaki wanaigombania! Wavuvi wa hapa wameacha mitumbwi yao kuja kumtazama.

"Nyungunyungu wape kuku, shem," akaniambia mbele yao, wakacheka wote.

Aliposema kuku, nikayaangalia vizuri yale manyoya. Mekundu, ncha nyeusi. Dada, yule jogoo wako aliyenyonyoka mkia haumwi chochote. Acha kumnywesha mwarobaini, maskini.

Wabusu watoto. Mwarobaini uliobaki usiumwage, mtunzie mumeo. Tunarudi Jumamosi.

Mdogo wako akupendaye,
Dotto