Mashamba ya Mwezini

Ainabkoi, huku Eldoret

Kwako mdogo wangu Wangari,

Ukiona barua hii ujue bado napumua na bado nalima. Na wewe, hilo goti? Kama hujaenda kulionyesha daktari, usinijibu. Baridi ya huku inauma lakini viazi vimekubali.

Sasa nikuambie ya mjukuu wetu Njeri, yule mwalimu. Karibu afukuzwe kazi! Alipata kitabu cha hadithi cha watoto, ati watoto wamepanda chombo wakaenda kulima mwezini ndani ya nyumba ya vioo. Upuuzi mtupu. Ili darasa lielewe, akachora mwezi uwanjani, akaukata vipande, watoto wakachukua vikaratasi vya namba kwa kofia, vile sisi tulifanya tukigawana hili shamba la mzungu.

Watoto wakarudi nyumbani wakiringa. "Baba, nimepata shamba mwezini, namba nne, karibu na maji!"

Unawajua watu wa huku wakisikia shamba. Na redio ilikuwa imeshasema watu wamekanyaga mwezi. Asubuhi wazazi wakajaa shuleni, nami nikawafuata. Mzee Kiprono, jirani yetu na mwenyekiti wa kamati ya shule, akafoka: "Mwalimu, nani anagawa mashamba na sisi wakubwa hatujaitwa?"

Mama mmoja naye: "Namba ya mtoto wangu iko kwa mawe. Ibadilishwe!"

Njeri akaeleza ni hadithi ya kubuni. Wakakasirika zaidi, kwa aibu. Kiprono akasema kitabu kichomwe, na mwalimu atafute shule nyingine. Msichana wetu akaanza kulia mbele ya watu. Nikasimama.

"Njeri, pangusa pua! Sikukusomesha uje kulia hapa. Na wewe Kiprono, unachoma kitu hujakisikia? Kaa chini. Mwalimu, soma."

Akasoma, akitugeuzia kile Kiingereza kwa Kiswahili. Akafika pale bomba la maji limepasuka, na ng'ombe wa pekee huko mwezini amelala, hataki kuamka. Akafunga kitabu. "Darasa limefika hapo."

"Hapana!" Kiprono akaruka. "Tumbo limevimba? Waambie wamwinue haraka!"

"Mzee, ni hadithi tu."

"Na hadithi ndiyo iue ng'ombe bure? Endelea, mwalimu!"

Akaendelea mpaka ng'ombe akasimama. Wangari, watu wazima walipiga makofi! Hakuna aliyetaja kuchoma tena. Siku hizi kila Ijumaa wazazi wanakaa nyuma ya darasa, na Kiprono ndiye ananyamazisha watoto. Mimi siendi kusikiliza upuuzi. Naenda kuhakikisha Njeri anasoma kwa sauti. Lakini hao watu wa mwezini kupanda maharagwe peke yake, bila viazi, ni ujinga, na nimemwambia.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, na kaka yetu Mwangi, umwambie aezeke ile nyumba kabla ya mvua. Mbusu mama mkwe wako, hata kama hanipendi.

Ni mimi dada yako mkubwa, wa kukugombeza na kukupenda,

Nyambura