Leseni "Iliyopotea" ya Eusebio

Jeni, natetemeka kwa hasira!

Unamkumbuka Eusebio, yule dereva aliyemgonga Mwanasha pale Mchinga? Mahakama ilimfungia kuendesha miaka miwili, ikamwamuru asalimishe leseni. Akaapa imepotea. Akaapa, na wakamwamini!

Leo asubuhi Mwanasha anampeleka mwanawe kwenye gari la shule. Dereva nani? Eusebio!

Mwanasha akasimama mbele ya gari na mkongojo wake. "Shuka! Leseni huna!"

Jamaa akacheka, akaichomoa mfukoni. "Na hii ni nini, dada?"

Imepotea, eti!

Mwanasha akampokonya, akawashusha watoto wote, akachechemea nayo hadi polisi.

Trafiki akauliza, "Umeipata wapi?"

"Mfukoni mwa mtu mliyemwamini."

Trafiki akachukua kofia yake, akatoka kumfuata Eusebio.