Ubao Usiofika kwa Baba Yako

Chizuru mpenzi,

Pokea salamu kutoka mtaani kwetu, ambako matunda ya kaki yameiva na baridi imeanza kuuma. U hali gani, na wanao je? Sisi tu wazima, ila mgongo wangu, huo una maneno yake siku hizi.

Umeniuliza kwa nini baba yako hatoki nje, na ilhali aliyechoma yale mabanda ameshakamatwa. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana.

Polisi walipomwita kituoni, askari aliyepita kuhoji majirani alinieleza vizuri kabisa: mtoa maelezo si mtuhumiwa, na mtuhumiwa si mshtakiwa. Baba yako ni mtoa maelezo tu, alisema, kwa kuwa dirisha lake linatazamana na banda lililoungua. Gazeti nalo likaandika hivyo hivyo, bila jina. Lakini mtaa una kamusi yake. Bi Horiuchi alikuja kwangu na bakuli la achari ya figili, akasema lisemwalo lipo. Nikamwambia aache umbea. Nilimwambia kweli, Chizuru.

Kisha ukaja ubao wa matangazo. Unajua desturi: unatoka kwangu, unakwenda kwa baba yako, anatia muhuri kuonyesha ameusoma, anaupeleka nyumba ya mbele. Kwa miezi miwili haukumfikia. Hakujua siku ya kusafisha mfereji wala ya chakula cha wazee. Alichojua ni kwamba ametengwa. Nawe uliponipigia simu ukinishukuru kwamba angalau mimi nimesimama naye, nilizipokea shukrani zako.

Ni mimi niliyemruka. Hakuna aliyenituma. Niliogopa Bi Horiuchi asije akaniona langoni kwa mtuhumiwa. Ndiyo, moyoni nilishamwita hivyo, na askari alinieleza mimi mwenyewe. Naona haya kukuandikia.

Leo asubuhi nimempelekea. Nilipiga magoti pale mlangoni nikamwomba radhi. Akautafuta muhuri wake, akautia polepole, akasema, "Nilikuwa nakuona dirishani ukipita. Nikajiambia, labda ana haraka."

Tangu mimi nawe tukiwa wadogo ameniita Fusae mwanangu. Leo aliinama, akaniita kwa jina la ukoo kama mgeni: "Asante sana, Bibi Nakagome," akafunga mlango.

Njoo umwone. Mimi nitaendelea kumpelekea ubao, afungue asifungue. Wasalimie wanao, na usiponijibu sitakulaumu.

Ni mimi,
Fusae